Mfugaji, hiyo "mara 2000" haitakuhesabia minyoo

Tangazo limerudi tena kwenye makundi ya wafugaji wa mbuzi: hadubini ya "mara 2000", na chini yake watu wanaulizana bei na usafiri. Sijaona hata mmoja aliyeuliza kama meza yake, pale slaidi inapokaa, inasogea kwa skrubu. Inaniuma, maana pesa hiyo imetoka kwenye maziwa, na hadubini ya namna ile itakaa kabatini baada ya wiki mbili.

Mfugaji anataka hadubini ili ahesabu mayai ya minyoo kwenye kinyesi cha mbuzi, basi tuanze na yai lenyewe. Mayai ya minyoo ya tumbo la mbuzi, wakiwemo wale Haemonchus wanaofyonza damu, yana urefu wa mikromita 70 hadi 100 hivi. Yanaonekana vizuri kabisa kwa mara 100, yaani lenzi ya chini ya 10 na lenzi ya jicho ya 10. Unaona duaradufu yenye ganda jembamba, na ndani chembe zilizosongamana kama kichala cha zabibu. Kokisidia, vijidudu vya utumbo, ni wadogo zaidi, nao bado unawaona. Hiyo 2000 imepatikana kwa kuweka lenzi ya jicho ya 20 juu ya lenzi ya mafuta ya 100, ile inayotumiwa na tone la mafuta. Nuru haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko mikromita 0.2 hivi, kwa hiyo ukipita mara 1000 unakuza ukungu. Tena slaidi ya kuhesabia mayai ni nene: hata lenzi ya 40 itagonga kioo kabla hujaona kitu.

Kinachoamua ni meza. Slaidi ya McMaster, ile ya kuhesabia mayai, ina vyumba viwili, kila kimoja na mraba wa milimita 10 kwa 10, na mistari inayougawa mraba huo kuwa vichochoro sita. Chini ya kila mraba kuna mililita 0.15 za maji. Kuhesabu ni kutembea: unashuka kichochoro cha kwanza, unahamia cha pili, unapanda, mpaka umalize vyote sita, kisha chumba cha pili. Meza yenye skrubu mbili, moja ya mbele na nyuma, nyingine ya kushoto na kulia, inakupeleka taratibu bila kupoteza mstari. Meza ya vibanio viwili tu inakulazimisha kusukuma slaidi kwa vidole, huku picha ikikimbilia upande wa pili maana kwenye lenzi kila kitu kimegeuka. Unaruka kichochoro, au unakihesabu mara mbili. Na kila yai unaloliona linazidishwa kwa 50 kupata mayai kwa kila gramu ya kinyesi. Ukiruka mayai manne, umepoteza 200 kwa gramu, na mbuzi aliyestahili dawa ameachwa.

Jambo la pili limeandikwa ubavuni mwa lenzi ya jicho. Tafuta WF10X/18: 10 ni ukuzaji, 18 ni upana wa duara la lenzi kwa milimita. Gawa 18 kwa 10 ya lenzi ya chini: unaona duara la milimita 1.8. Kichochoro kina upana wa milimita 1.7 hivi. Kinaingia chote, mistari yake miwili ikiwa kingoni mwa jicho, na huwezi kupotea. Zile lenzi za jicho za 16 na 20 wanazokupa kama zawadi zinabana duara hilo, mstari mmoja unatoka nje, na usumbufu unaanza upya.

Hakikisha pia kuna kondensa, lenzi ya kukusanya mwanga chini ya meza, yenye diaframu, kipenyo cha kuupunguza. Mayai hayana rangi kali. Mwanga ukiwa mwingi yanafifia, mtu analaumu lenzi. Funga diaframu kidogo, ukingo wa yai utajitokeza.

Jicho moja au mawili? Moja linatosha. Kamera, si lazima. Taa iwe ya LED yenye betri ya kuchaji, umeme tunaujua. Na nakubali, hadubini kuukuu ya shule yenye kioo cha kuakisi jua itafanya kazi, mradi lenzi ni za kioo na meza inasogea. Nakubali pia kwamba kufunua kope na kuangalia weupe hakugharimu kitu, na Haemonchus unamgundua hivyo. Lakini kope haikuambii kama dawa uliyonywesha imefanya kazi.

Hapo ndipo hadubini inalipa. Tunanyweshea zizi zima kila miezi mitatu, dawa ya minyoo ileile ya albendazole, bila kupima, na minyoo wanaobaki ni wale waliozoea dawa. Pima mbuzi kumi kabla ya dawa, wapime haohao siku ya 14. Wastani wa mayai usiposhuka kwa asilimia 95, dawa hiyo imeanza kushindwa zizini mwako.

Kipimo chenyewe: yeyusha gramu 400 za chumvi kwenye lita moja ya maji ya moto, yapoe, chumvi kidogo ikibaki chini, maji yameshiba. Ponda gramu 4 za kinyesi kibichi kwenye mililita 56 za maji hayo, chuja kwa chujio la chai, koroga na uvute kwa bomba la sindano palepale. Ukisubiri kabla ya kuvuta, mayai yamekwisha elea juu. Jaza vyumba, ngoja dakika tano, kisha anza kwa kulenga mistari; viputo vya hewa ni duara zenye ukingo mweusi mzito, usivihesabu. Usiiache slaidi saa nzima, chumvi itaganda. Kinyesi kisipopimwa siku hiyohiyo kikae kwenye friji, kwani kwenye joto mayai huanza kuanguliwa ndani ya siku moja. Na ufute meza vizuri: maji ya chumvi yanakula chuma.

Mayai ya minyoo bapa wa ini hayaelei kwenye chumvi, hiyo ni njia nyingine. Ndigana, ugonjwa unaoenezwa na kupe, nayo inahitaji damu, rangi ya Giemsa na lenzi ya mafuta. Mpelekee daktari wa mifugo.

Ukienda dukani nenda na slaidi yako. Iweke mezani, lenzi ya 10, lenga mstari wa kwanza, uufuate mpaka mwisho na urudi. Ukiyumba au picha ikipotea kila unapogusa skrubu, usilipe.