Nani amwigize Mgogo?

Fuatilia tamthilia zetu za jioni kwa wiki moja hivi. Ukimwona Mgogo, yaani mtu wa kabila la Wagogo wa Dodoma, mara nyingi atakuwa dada wa kazi aliyeletwa mjini juzi, au ombaomba, au ndugu wa mbali anayeshuka basi na kuku mkononi, anachekwa kwenye sini mbili, kisha harudi tena. Hana deni linalomnyima usingizi wala mapenzi yanayomsumbua, na hakuna uamuzi hata mmoja wa hadithi unaomtegemea. Na anayemwigiza, mara nyingi, ni msanii wa Dar es Salaam ambaye Bahi na Mpwapwa, wilaya za huko Dodoma, anazisikia tu kwenye taarifa ya habari.

Hapo ndipo wadau wa filamu wanapovutana. Wapo wanaosema mhusika wa kabila fulani, au mwenye ulemavu fulani, aigizwe na mtu wa kundi hilohilo. Wapo wanaosema kazi ya mwigizaji ni kuwa mtu ambaye yeye siye, na ukimwekea mipaka ya kuzaliwa umeiua kazi yenyewe. Pande zote mbili zina hoja nzito, na uzito huo huonekana vizuri zaidi unapokuwa na nafasi 15 za kujaza, bajeti ya kubana na tarehe ya kuanza kushuti isiyosogea.

Wa kundi la kwanza hupenda kutolea mfano Marekani. Mwaka 2015 na 2016, wote 20 walioteuliwa kuwania Oscar za uigizaji walikuwa Wazungu, miaka miwili mfululizo, na kelele zilizofuata zilisukuma mabadiliko. Mwaka 2020 waandaaji wa tuzo hizo walitangaza vigezo vinne vya ujumuishi, na kuanzia tuzo za 2024 filamu inayowania nafasi ya filamu bora lazima itimize angalau viwili. Kimojawapo kinahusu wanaoonekana kwenye kioo, na njia mojawapo ya kukitimiza ni kuwa na asilimia 30 ya waigizaji wasaidizi kutoka makundi yasiyowakilishwa vya kutosha. Kwa nini, basi, Tanzania tusiwe na asilimia zetu?

Kwanza, hakuna pa kuzipigia hesabu. Sensa ya mwisho kuuliza kabila la mtu nchini ilikuwa ya 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 3 mkoani Dodoma na zaidi ya milioni 2 Singida, lakini haikuuliza nani Mgogo, nani Mrangi, nani Mnyaturu. Na si kwa bahati mbaya. Taifa hili lilijengwa kwa kukataa kumpanga mtu kwa kabila lake, na mtayarishaji anayeandika kwenye tangazo la usaili "anatakiwa Mgogo" anafungua mlango ambao wazee wetu waliufunga kwa makusudi. Leo ni nafasi ya uigizaji, kesho mtu atauliza kwa nini Mchaga ameongoza filamu ya Wanyiramba. Na mtoto wa baba Mgogo na mama Mnyakyusa aliyekulia Morogoro, utamweka kapu gani? Hofu hii ni ya kweli, na wanaoibeza wanakosea.

Pili ni fedha. Tamthilia huuzwa kwa majina. Kituo kinapofikiria kununua, swali la kwanza huwa ni nani wamo, na jina la staa mmoja linaweza kuamua kama mradi utaanza. Msanii mpya wa Kongwa, hata awe na kipaji kiasi gani, hana jina hilo bado. Isitoshe, mgeni wa kamera hula muda. Sini ambayo mzoefu anaimaliza kwa kurudia mara tatu, mgeni anaweza kuirudia mara nane, na kila marudio ni mafuta ya jenereta, chakula cha timu na jua linalokimbia.

Hoja hizo zingetosha kama usaili wenyewe ungekuwa wazi kwa wote. Tatizo ni kwamba hauko wazi. Nafasi nyingi hujazwa hivi: skripti inakamilika Ijumaa, mtayarishaji anaweka ujumbe kwenye kundi la WhatsApp la watu anaowafahamu, Jumatatu usaili unafanyika ofisini Dar es Salaam, Jumatano majina yametoka. Aliyeko Chamwino mkoani Dodoma, kilomita 400 na ushee kutoka hapo, hata akipata habari Jumapili, atalipa nauli na malazi kwa ajili ya dakika tano mbele ya meza. Treni ya SGR, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imefupisha safari. Taarifa ndiyo inayochelewa. Mlango unaoitwa wazi unafunguliwa kwa wenye namba ya simu sahihi, halafu tunasema waliochaguliwa ndio waliojitokeza.

Matokeo yake tunayasikia kwa masikio. Kuna lafudhi moja ya kuchekesha ambayo waigizaji wengi huitumia kwa kila mtu wa bara: l na r zinabadilishana bila mpangilio, mwisho wa neno unavutwa, sauti inapanda. Msukuma, Mgogo na Mnyaturu wote wanaongea hivyo hivyo. Hebu tazama eneo lenyewe. Kigogo, Kirangi, Kinyaturu na Kinyiramba ni lugha za Kibantu. Kiburunge ni cha Kikushi. Kidatoga cha Wabarbaig ni cha Kiniloti. Kisandawe cha Chemba, na Kihadza cha ukanda wa Ziwa Eyasi, vina vidoko, yaani sauti za kugonga ulimi, ambavyo mtu hajifunzi asubuhi ya siku ya kushuti. Ni sehemu chache sana Afrika zenye familia za lugha tofauti namna hiyo ndani ya mwendo wa siku moja kwa gari, na sisi tumezipaka zote rangi moja.

Lakini hata anayedai uhalisia anaweza kukosea upande wa pili. Kijana wa miaka 25 aliyesoma na kukulia Makole, Dodoma mjini, anaongea Kiswahili cha mjini kama kijana wa Kinondoni. Bibi yake aliyeko kijijini Mvumi haongei hivyo. Mwongozaji anayemlazimisha yule kijana "aongeze Ugogo" kwa sababu skripti inasema ni Mgogo anatengeneza uongo uleule, safari hii kwa kumtumia mwenyeji. Lafudhi hufuata umri, shule, mji na mtu anayeongea naye. Haifuati jina la ukoo.

Macho nayo yanaona. Hadithi inasema tuko kijiji cha Dodoma, na nyuma ya mhusika umesimama mnazi, kwa sababu picha zilipigwa Kigamboni. Hapa Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mti wa kuonekana nyuma ni mbuyu au mgunga. Mfano mwingine ni muheme, ngoma ya Wagogo. Ngoma hiyo hupigwa na wanawake, imebanwa katikati ya mapaja, kwa viganja. Ukiwapa wanaume wakaipiga kwa fimbo wakiwa wamesimama, kisha ukaweka sauti ya ngoma ya pwani wakati wa kuhariri, umewaonyesha wenyeji kwamba hukuuliza mtu hata mmoja. Mkoa huu ndio uliomtoa mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki 2003 baada ya kuzifikisha ilimba na zeze, ala za muziki za Wagogo, kwenye majukwaa ya mbali duniani. Kwenye muziki Mgogo ni fundi anayeheshimiwa. Kwenye tamthilia anachota maji na kuchekwa. Hilo linauma.

Msimamo wetu ni kwamba nafasi zisigawiwe kwa kabila, lakini usaili uhamishwe na mamlaka kwenye seti yagawanywe upya. Mwite yeyote, mradi skripti ieleze mhusika anahitaji uwezo gani: "anaongea Kigogo bila kusoma", "ameshawahi kuchunga", "anaweza kupiga muheme". Hayo ni mahitaji ya kazi, yanapimika, na Mhaya aliyekulia Kibaigwa anaweza kuyatimiza. Tangazo litoke siku 10 kabla, lipite redio za mkoa, kwa maafisa utamaduni wa halmashauri, vikundi vya ngoma, kwaya na vyuo vya Dodoma. Mchujo wa kwanza ufanyike kwa video ya simu ya dakika mbili: simu ishikwe kwa ubavu, mwanga utoke mbele ya uso na siyo dirishani nyuma, msomaji asome ukurasa mmoja mara mbili, mara ya kwanza akiwa na hasira na ya pili akiwa amefiwa. Video itumwe kama faili la hati, maana ikitumwa kama video ya kawaida WhatsApp huibana hadi macho yasisomeke. Kisha usaili wa ana kwa ana, siku moja, hapa hapa. Watu 40 kwa dakika sita kila mmoja ni saa nne.

Katika dakika hizo sita, tunachotafuta ni kama mtu anapokea maelekezo. Asome anavyojua, mpe sahihisho moja tu, asome tena. Waliotoka kwenye ngonjera na maigizo ya kanisani huja na sauti ya kumfikia mtu wa mwisho ukumbini, na mikono inayoeleza kila neno. Hilo linarekebishika kwa siku mbili za mazoezi mbele ya kamera. Asiyebadilika hata kidogo baada ya sahihisho, huyo siku ya kushuti atakumalizia jua. Na ukiwa na wageni wengi, panga sini nne au tano kwa siku badala ya nane. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, la sivyo itageuzwa kuwa ushahidi kwamba watu wa mikoani hawawezi.

Halafu awepo mshauri wa lafudhi na mila. Wengi humwajiri kisha humwacha chini ya mti anakunywa soda. Akae karibu na mtu wa sauti, avae hedifoni, na awe na ruhusa ya kuomba sini irudiwe. Kosa la lafudhi likipita hapo halitengenezeki baadaye, kwa sababu sauti mpya haitakubaliana na midomo.

Kuna na suala la rangi ya ngozi, ambalo watu hulikwepa. Wasichana weusi sana hukosa nafasi za kwanza, na sababu inayotolewa mara nyingi ni kwamba "kamera haiwapendi". Kamera haina chuki. Taa imepangwa vibaya. Mweke aliye mweusi zaidi upande wa karibu na mwanga, tumia mwanga mpana uliolainishwa kutoka pembeni, usimsimamishe mbele ya ukuta mweupe, na pima mwanga kwenye uso wake. Jua la Dodoma la saa 6 mchana linamharibia kila mtu, kwa hiyo sini za nje zipigwe kabla ya saa 4 asubuhi na baada ya saa 10 jioni.

Kwenye ulemavu tunasimama kwa ukali zaidi kuliko kwenye kabila. Kabila la mtu halionekani, na mwigizaji mzuri anaweza kujifunza lugha. Lakini asiye kiziwi anapoigiza kiziwi, mara nyingi hubuni ishara zisizo na maana, na viziwi wanaotazama huona mtu anatikisa mikono. Anayeona akiigiza asiyeona hupindua macho na kupapasa chumba alichoishi miaka kumi, wakati asiyeona hutembea nyumbani kwake bila kusita. Mkoa wa Dodoma una shule ya viziwi, na Buigiri kuna shule ya wasioona inayojulikana nchi nzima, hivyo kuwapata watu wa kuwauliza na kuwafanyia usaili siyo kazi ngumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na seti kubwa hufikisha idadi hiyo kwa urahisi. Mwaka 2022 Troy Kotsur, mwigizaji kiziwi wa Marekani, alishinda Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa kumwigiza baba kiziwi, hivyo hoja ya kipaji haipo. Kinachotakiwa ni mkalimani wa lugha ya alama kwenye bajeti, ishara ya mkono au taa badala ya kupiga kelele sini inapoanza, na picha inayoanzia kiunoni hadi juu ya kichwa. Ukikata picha ya uso tu, umemkata maneno.

Linalobaki gumu ni staa. Mnunuzi anamtaka, hadithi ni ya familia ya Wagogo, naye hajui neno la Kigogo zaidi ya salamu ya "Mbukwenyi". Tukimweka katikati ya mama, mjomba na ndugu ambao ni wenyeji kweli, lafudhi yake ya kuiga itasikika vibaya maradufu, kwa sababu ya kweli iko pembeni yake. Dawa yake iko kwenye skripti, na ni rahisi: mhusika wake awe alipelekwa Dar es Salaam akiwa na miaka sita. Aongee Kiswahili chake cha kila siku. Mama amsemeshe Kigogo, yeye ajibu kwa Kiswahili, na katika sini ya msiba ashindwe kufuata wazee wanachozungumza, amgeukie mdogo wake amtafsirie. Mnunuzi amepata jina lake. Na nafasi ya yule mdogo, ambaye kwenye rasimu ya kwanza alikuwa analeta chai, sasa inahitaji mtu wa kufanyiwa usaili Dodoma.