Kuipindua Dunia kwa Bajeti Ndogo

Kuna aina moja ya filamu ambayo ningependa kila mtengenezaji mchanga mwenye kamera moja na marafiki wachache aikimbilie: kichekesho cha kisayansi ambamo wanawake na wanaume wamebadilishana nafasi. Wanawake wanatawala, wanaoa, wanaamua. Wanaume wanalea, wanajipamba, wanasubiri kuolewa, na wakitembea usiku wanageuka kutazama nyuma. Mtu akisikia hadithi za kisayansi hufikiria vyombo vya angani, roboti na miji ya vioo, kisha anakata tamaa kwa sababu mfuko hauruhusu. Hadithi hii haidai chochote kati ya hivyo. Kinachobadilika ni kanuni za maisha, na kanuni mpya huundwa kwenye karatasi.

Sinema imeshathibitisha kwamba sayansi ya kubuni inaweza kutengenezwa kwa pesa za kuungaunga. Mwaka 1974 John Carpenter alitoa Dark Star, filamu iliyoanza kama kazi ya wanafunzi na kumalizika kwa takriban dola 60,000 za Marekani. Kiumbe wa sayari nyingine anayewasumbua wanaanga humo ni mpira wa kuchezea ufukweni uliopakwa rangi na kubandikwa makucha, na kwangu ndiye anayechekesha kuliko wote. Miaka 30 baadaye Primer ya Shane Carruth, iliyopigwa kwa dola 7,000 huku mashine yake ya kusafiri katika wakati ikiwa sanduku tu, ilitwaa tuzo kuu ya majaji katika tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Coherence ya mwaka 2013 ilipigwa kwa usiku 5 nyumbani kwa mwongozaji mwenyewe, waigizaji wakipewa maelezo mafupi ya wahusika wao badala ya skripti nzima. Hao wote walihitaji angalau kifaa kimoja cha ajabu au tukio moja la angani. Kichekesho ninachokisema mimi hakihitaji hata hilo. Meza ya mkutano inatosha: wanawake sita wanajadiliana, mwanamume mmoja anaandika kumbukumbu. Anaomba nafasi, anatoa hoja nzito, na mwenyekiti anamshukuru kwa sauti yake tamu. Kikao kinaendelea. Tayari tuko katika ulimwengu mwingine, na hakuna aliyelipwa kutengeneza picha za kompyuta.

Wazo lenyewe lina umri karibu sawa na sinema. Mwaka 1906 Alice Guy, Mfaransa aliyekuwa akiongoza filamu za kampuni ya Gaumont, alitengeneza Les Résultats du féminisme, filamu bubu ya takriban dakika 7. Wanaume wanashona, wanapiga pasi, wanatunza watoto. Wanawake wanakaa mgahawani wakinywa na kuvuta sigara, na wakiona mwanamume wa kuvutia wanamwendea bila haya. Mwishoni wanaume wanachoka, wanaasi na kuwafukuza wanawake mgahawani. Najua wapo wanaouona mwisho huo kama kurudi nyuma, kwamba mpangilio wa zamani umeshinda. Mimi nauona tofauti kabisa. Wanaume wale wamevumilia dakika chache tu za maisha ambayo wanawake waliokuwa wakiitazama filamu ile waliyaishi kila siku, na hata hizo chache ziliwashinda. Guy hakuhitaji kuhubiri. Aliweka kamera mahali pamoja, akawaachia waigizaji kazi, na hoja ikajisema.

Mwaka mmoja kabla yake, Rokeya Sakhawat Hossain, mwandishi wa Bengal, alichapisha hadithi fupi Sultana's Dream katika jarida la wanawake la Madras, India. Humo wanaume ndio wanaofungiwa ndani. Wanawake wana vyuo vikuu. Kimoja kimebuni namna ya kuvuta maji kutoka angani, kingine kimejifunza kukusanya joto la jua, na joto hilo ndilo linalotumika kulifukuza jeshi la adui baada ya wanaume kushindwa vitani. Ninachokipenda zaidi ni hoja ya mwenyeji anayemtembeza msimulizi. Mwendawazimu akianza kuwadhuru watu, anasema, anakamatwa na kufungiwa yeye. Iweje basi wanaume, ambao ndio wanaoleta madhara barabarani, waachwe huru, na wanawake wasio na kosa wafungiwe? Hoja hiyo inachekesha kwa sababu haina tundu. Ukitafuta pa kuikosoa, unajikuta unakosoa desturi uliyoizoea.

Hapo ndipo filamu nyingi za aina hii zinapoanguka. Zinabadilisha mavazi na kusahau sababu. Mtengenezaji anamvalisha mwanamume aproni, anamlegeza kiuno, anangoja watu wacheke. Wanacheka kweli, lakini wanachokicheka ni uanawake wenyewe, kana kwamba kulea mtoto au kulia ni jambo la aibu likifanywa na mtu mwenye ndevu. Kichekesho cha namna hiyo kinaacha kila kitu palepale kilipokuwa. Cha kuchekwa ni kanuni, pamoja na uhakika wa watu wanaoiamini.

Kwa hiyo mwandishi akae na maswali ya msingi kabla ya kugusa kamera. Miili haijabadilika: wanawake bado wanabeba mimba, wanaume wengi bado wana misuli zaidi. Je, jamii hiyo inayaelezaje mambo hayo? Gloria Steinem, mwandishi Mmarekani na mtetezi wa haki za wanawake, alionyesha njia mwaka 1978 katika makala aliyoandikia jarida la wanawake la Ms. Aliuliza ingekuwaje kama wanaume ndio wangekuwa wanapata hedhi, akajibu kwamba wangejivunia hedhi hiyo na kuifanya ushahidi kuwa wao ndio wanaostahili kutawala. Fuata mkondo huo na ulimwengu mzima unajijenga. Mimba inakuwa hati ya umiliki: anayeleta watu duniani ndiye mwenye haki ya kuwatungia sheria. Misuli ya wanaume inakuwa sababu ya kuwapa mizigo na kuwanyima kura, maana mwili wenye nguvu hizo, wanasema wataalamu wa huko, huivuta damu kutoka kwenye ubongo. Hasira za wanaume zinatajwa kila wanapoomba cheo. Ndevu ni dalili ya utovu wa nidhamu, na kijana anayejiheshimu hunyoa kabla ya usaili. Ukweli wa mwili ni uleule tunaoujua. Hitimisho ndilo limegeuzwa. Mtazamaji akitoka na swali kuhusu hitimisho alilokulia nalo, skripti imefanya kazi yake.

Uigizaji nao unataka ukavu wa uso. Hakuna mtu ndani ya dunia hiyo anayeiona ni ajabu, hivyo hakuna anayeruhusiwa kukonyeza kamera. Mama mwenye nyumba anapomwambia mwanawe wa kiume avae kitu cha heshima kabla ya kutoka, aseme kwa upendo na wasiwasi wa kweli. Mhusika huyo ananivutia kuliko dikteta yeyote wa kike mwenye mjeledi. Watawala wakatili ni rahisi kuwaandika na ni rahisi kuwachukia. Mtawala anayekulinda hadi unashindwa kupumua, anayekusifia huku akikufungia mlango, anayeamini kwa dhati kwamba umezaliwa kwa ajili ya mambo mepesi na kwamba kukupa mazito ni kukutesa, huyo anachekesha na kuumiza kwa wakati mmoja. Ubaguzi mwingi nilioushuhudia ulikuja na sauti ya upole.

Éléonore Pourriat wa Ufaransa alilielewa hilo. Filamu yake fupi Majorité opprimée, ya mwaka 2010, inamfuata baba mmoja kwa siku moja tu, na haifiki hata robo saa. Anasukuma kigari cha mtoto, wanawake wanamtolea maneno njiani, kundi la wanawake linamshambulia, na polisi mwanamke anayeandika maelezo yake haonyeshi kumwamini. Iliposambaa mtandaoni mwaka 2014 ilitazamwa na mamilioni ya watu. Inaanza kama utani na taratibu utani unakwisha, mtazamaji akiwa ameshaingia ndani. Mwaka 2018 Pourriat aliongoza filamu ndefu juu ya wazo hilohilo kwa ajili ya Netflix, yenye pesa zaidi na nafasi zaidi. Shujaa wake, mwanamume mpenda wanawake, anajigonga kichwa kwenye nguzo na kuamka katika dunia inayotawaliwa na wanawake. Ina matukio mazuri, na ninaiheshimu. Hata hivyo, ile fupi inanikaa zaidi, na sababu ni huyo mgeni. Mtu wa dunia yetu akiingia katika dunia iliyopinduliwa, anashangaa kwa niaba yetu, anahoji kwa niaba yetu, na sisi tunapumzika. Baba wa filamu fupi hana dunia nyingine ya kukumbuka. Inabidi mtazamaji ashangae mwenyewe.

Mwenye pesa kidogo ana faida hapa, kwa sababu dunia hii huonekana katika vitu vidogo. Mifuko ya suruali za wanaume iwe ya kushonwa kwa mapambo tu, isiingie hata funguo, ili kila mwanamume alazimike kubeba mkoba. Picha za viongozi ukutani ziwe za bibi vizee pekee wenye sura nzito, na chini kabisa, kwenye kona, mwanamume mmoja wa kwanza kupata wadhifa mdogo. Noti za benki ziwe na sura za kike. Kisha kuna sauti, ambayo watengenezaji wengi huiacha hadi mwisho wakati ndiyo silaha yao ya bei rahisi: redio ya chumba cha jirani inatangaza mechi kubwa ya wanawake, halafu kwa sekunde chache inataja matokeo ya mechi ya wanaume; tangazo la biashara linawaahidi akina baba sabuni itakayowafurahisha wake zao; mchambuzi wa siasa anauliza kama mgombea wa kiume ataweza kazi hiyo wakati ana watoto wadogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji kuonekana kwenye picha.

Kuna watu wanaoniambia kwamba kupindua nafasi ni kusema wanawake wangekuwa wabaya vilevile. Sioni tusi katika jambo hilo. Mamlaka yasiyohojiwa humharibu yeyote anayepewa, na filamu inayowachora wanawake kama malaika wa kuzaliwa inawanyima utu wao kamili. Pingamizi ninalolipa uzito ni jingine: mgeuzo wa moja kwa moja huwasahau watu wasioenea katika makundi mawili, na huchukulia kana kwamba wanawake wote wana hali moja. Mwandishi makini aongeze matabaka. Mwanamke maskini anayemtumikia mume wa tajiri ni mhusika mwenye utajiri mkubwa wa vichekesho, kwa sababu hakuna anayejua nani kati yao anapaswa kuinama.

Linabaki suala la mwisho wa filamu, na hapa sina uvumilivu. Hadithi nyingi za namna hii hurudisha mambo yalivyokuwa: ilikuwa ndoto, au mwanamke mbabe anapenda, analainika, na penzi linamaliza siasa zote. Guy angalau aliwaandikia wanaume wake uasi. Mtengenezaji huru hana ofisi ya wafadhili inayomdai mtazamaji atoke ametulizwa, basi autumie uhuru huo. Dakika 20 zinatosha. Mhusika wake ajifunze hesabu kwa siri, aombe kazi ya heshima, akataliwe kwa maneno matamu, arudi tena na wenzake watatu, na majina ya waigizaji yaanze kupanda wakati bado wanabishana na mlinzi wa getini, mwanamke mpole anayewasihi warudi nyumbani kwa usalama wao.