Asilimia 37, kisha giza: betri ya laptopu ikifa mapema, lawama ni ya nani?

Siku umeme ulipokatika mtaani kwetu Tabata nilikuwa katikati ya kuandika ankara ya mteja, wala sikushtuka. Wiki saba nyuma nilikuwa nimenunua betri mpya ya laptopu Kariakoo, shilingi 65,000 baada ya kuvutana kutoka 80,000, na kwenye kona ya skrini ilisomeka asilimia 37. Nikaendelea kuandika. Hazikupita dakika mbili, mashine ikazima papo hapo, bila onyo wala mwanga kufifia. Umeme uliporudi nikaiwasha, na bado ilidai ina asilimia 36.

Nilirudi dukani. Kijana wa kaunta, mpole kabisa, akauliza: "Kaka, kwani unatumia chaja gani?" Kisha akaigeuza risiti yangu ya mkono akanionyesha: waranti wiki mbili, na chini yake muhuri mwekundu, "Mali ikishauzwa hairudishwi." Sijui ahadi hizo mbili zinaishije kwenye karatasi moja.

Ukiwa unatumia laptopu za mtumba kisa hiki unakijua, na unajua pia majibizano yanayofuata. Mteja anasema kauziwa feki. Muuzaji anasema mteja hajui kutunza. Nimewasikiliza wote wawili kwa muda sasa, na naona kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila ugomvi wenyewe wa "feki au orijino" umekaa vibaya. Kinachoamua maisha ya betri ni seli zilizomo ndani: zina umri gani, na zilikuwa na uwezo gani siku zinavuka kaunta. Nembo ya nje haikwambii hata kimoja kati ya hivyo.

Betri yangu niliipeleka kwa fundi aipasue. (Usijaribu mwenyewe. Seli ya lithiamu ukiitoboa kwa bisibisi inaweza kuwaka moto mkononi.) Ndani ya ganda kulikuwa na seli sita za duara, zile ziitwazo 18650 kutokana na vipimo vyake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Zilipangwa jozi tatu mfululizo. Kwa kuwa kila seli ni ya volti 3.7, jozi tatu zinakupa 11.1, na hiyo ndiyo namba iliyokuwa kwenye lebo. Mpaka hapo sawa. Lakini seli nne zilikuwa za plastiki ya kijani na mbili za buluu, na kwenye ncha za zile za buluu kulikuwa na makovu mawili mawili ya kuchomelea, la zamani na jipya juu yake. Zilishafanya kazi kwenye betri nyingine kabla ya kuja kwangu. Fundi akaweka mita: jozi ya kwanza volti 3.8, ya pili 3.8, ya buluu 2.6.

Seli zikipangwa mfululizo, jozi iliyo dhaifu ndiyo inayoamua. Chipu ya ulinzi ikiona jozi moja imeshuka mno inakata umeme wote, hata kama wenzake bado wana nguvu, kwa sababu kuendelea kuikamua ni hatari. Kwa hiyo kuzima kwenye 37 kulikuwa ni chipu kufanya kazi yake. Uongo ulikuwa kwenye hiyo 37 yenyewe. Kwenye Windows kuna amri, powercfg /batteryreport, inayokutolea ripoti ya betri. Yangu ilisoma hivi (mWh ni kipimo cha nishati ambayo betri inabeba): uwezo wa kiwandani 48,840 mWh, uwezo ikijaa sasa 48,840 mWh, idadi ya duru za kuchaji 0. Duru sifuri, kwa betri niliyoichaji kila siku ya Mungu kwa wiki saba.

Hapo hasira ya mteja ina haki yote. Kuuziwa seli zilizotumika ukaambiwa ni mpya ni kuibiwa, hata bei iwe rahisi vipi. Na kuna uongo mwingine unaosomeka bila mita. Seli nzuri za 18650 zinazouzwa kwa kawaida hufika takriban 3500 mAh, kipimo cha chaji ambayo seli inabeba. Betri ya seli sita yenye jozi tatu mfululizo hubeba uwezo wa seli mbili tu, maana kupanga mfululizo huongeza volti, si mAh; yaani 7000 mAh kwa kukadiria juu kabisa. Ukiona lebo ya 7800 kwenye ganda la seli sita, hesabu imekataa kabla hujafungua mfuko wa hela. Mzani nao unasema: seli moja ina gramu kama 45 hadi 48, hivyo sita zinakaribia gramu 280 bila kuhesabu ganda. Betri nyepesi kama rimoti ya televisheni ina maelezo ya kutoa.

Sasa upande wa pili. Mzee mmoja anayeuza betri na chaja kwa miaka mingi alinikaribisha kwenye kigoda, nikamwamkia, akanipa malalamiko yake bila kupumua. La kwanza lilikuwa bei. Mteja anataka betri ya 40,000, na kuna winga aliyemleta, naye ana cha juu chake. Mwenye duka anabaki na elfu chache, halafu anaombwa waranti ya mwaka. La pili, wateja wengine si waaminifu: ananunua mpya, anarudisha ganda la zamani. Ndiyo maana siku hizi anaweka alama ya siri kwa maka. La tatu ndilo lililonigusa, kwa sababu sikuwa nimelifikiria. Yeye mwenyewe hana pa kurudisha. Mzigo umetoka China, umepita kwa mtu wa jumla, na betri za lithiamu huhesabiwa kama mzigo hatari, husafirishwa kwa masharti. Hakuna atakayeanza kurudisha betri nne mbovu Guangzhou. Hasara ikitokea inaishia kwenye kigoda kile.

Halafu akaja kwenye matunzo, ambako wauzaji wote huishia. Wanafunzi wanalaza laptopu juu ya godoro, matundu ya hewa yanazibwa. Wenye stesheneri wanaiacha kwenye chaji asubuhi mpaka usiku, mwaka mzima. Mzee yuko sawa, na vipimo vinavyonukuliwa sana katika fani hii vinamuunga mkono: seli ya lithiamu ikihifadhiwa mwaka mmoja kwenye nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40, inabaki na uwezo wa takriban asilimia 96. Ikikaa mwaka huohuo kwenye nyuzi 40 huku imejaa, inabaki na takriban 65. Joto na kujaa muda wote vinaiua bila hata kuitumia.

Lakini hoja hiyo ina makali pande zote mbili. Kama joto linaua betri kwenye godoro la mwanafunzi, linaiua pia kwenye kontena lililokaa juani bandarini, na kwenye stoo ya bati ambako nilikuwa nimekaa natoka jasho nikimsikiliza. Nyuma yake kulikuwa na maboksi yaliyoshika vumbi. Nilimuuliza yana muda gani. Akacheka, akasema hayo ni ya modeli ambazo "zilitamba zamani". Mteja atakayenunua moja leo ataambiwa ni mpya, na kweli haijawahi kuchomekwa popote. Ila seli haisubiri kufunguliwa ili ianze kuzeeka.

Na hapa ndipo neno "orijino" linapopoteza uzito wake. Laptopu nyingi tunazonunua zimeshatumika ofisini Ulaya au zimepitia Dubai, na modeli yake haitengenezwi tena. Betri ya kiwanda ya modeli ya mwaka 2014, kama ipo, huenda nayo ni ya miaka hiyohiyo. Kopi nzuri iliyofungwa mwaka jana kwa seli mpya inaweza kuishinda vizuri tu. Wala viwanda vikubwa si malaika: mwaka 2006 Dell iliondoa sokoni betri zaidi ya milioni 4 zenye seli za Sony kwa sababu ya hatari ya moto, na Apple ikafuata na milioni 1.8. Zilikuwa orijino zote.

Swali la "unatumia chaja gani" ndilo nisilolikubali. Chaja mbovu inaweza kuunguza laptopu au kukataa kuchaji, hilo kweli. Lakini volti zinazoingia kwenye seli kwa kawaida hupangwa na saketi ya ndani ya laptopu ikishirikiana na chipu ya betri. Chaja haiwezi kugeuza seli za kijani kuwa za buluu. Swali lile kazi yake ni kumfanya mteja ajione ana kosa kabla hajafungua mdomo.

Watengenezaji wa laptopu nao wana sehemu yao, na mara nyingi wanaponyoka kwenye mjadala huu kwa sababu wako mbali. Kuanzia mwaka 2012 Lenovo iliweka ukaguzi kwenye ThinkPad: betri isiyotambuliwa haichajiwi, unapata ujumbe tu. Wana hoja ya usalama, na baada ya yale ya 2006 siwezi kuicheka. Ila ukifunga mlango wa kopi halafu ukaacha kutengeneza ya kwako, umeihukumu mashine kufa ikiwa bado nzima. Umoja wa Ulaya umeliona hilo. Kanuni yake ya betri ya mwaka 2023 inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya aina hii ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, programu isitumike kuzuia ubadilishaji, na betri za akiba zipatikane kwa angalau miaka 5 baada ya kifaa cha mwisho cha modeli hiyo kuingia sokoni. Ni jambo jema. Piga hesabu lakini: miaka mitano baada ya modeli kuisha ndio umri ambao laptopu nyingi zinaanza kutufikia sisi. Kanuni inakufa pale ambapo Kariakoo inaanza.

Kwetu sheria haikosekani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na sheria ya mauzo ya bidhaa inataka kitu kilichouzwa kilingane na maelezo yake. Muhuri mwekundu haugeuzi seli kuukuu kuwa mpya. Tatizo ni uzito wa kesi. Kwa 65,000, nipande daladala mara tatu, nipoteze siku mbili za kazi, na nikaonyeshe risiti ya mkono? Tuseme ukweli pia: wengi wetu tukiulizwa "na risiti au bila risiti?" tunachagua ya pili ili bei ishuke. Tunauza haki yetu kwa elfu nane.

Basi nikiweka vyote mezani, mzani wa lawama unaelemea kwa muuzaji, ingawa si kwa sababu ni mwizi. Mimi hununua betri moja kila baada ya miaka mitatu. Yeye hufungua boksi la hamsini. Anaweza kupasua moja aone rangi za seli, akampigia simu mtu wa jumla kabla ya kuuza zilizobaki. Mimi ninachoweza ni kuitikisa tu. Na waranti ya wiki mbili inapima kitu kisichofaa. Betri yenye seli kuukuu itawaka vizuri wiki mbili za kwanza, hata mwezi. Hiyo waranti inashika betri iliyokufa kabisa, ambayo hata hivyo ungeirudisha siku ileile.

Yule fundi aliyeipasua betri yangu ana utaratibu wake, na huuza ghali kidogo. Betri niliyonunua kwake ilikuwa 85,000, na nilikaribia kuondoka. Aliniambia, "Kaa, kunywa maji." Akaijaza, akachomoa chaja, akawasha video, akatazama saa, maana ripoti inaweza kudanganya lakini saa haidanganyi. Tulikaa saa mbili na robo mpaka ikazima yenyewe. Akaijaza tena nusu nikiwa nimekwenda kula, akatoa ripoti, kisha akaandika kwenye risiti kwa kalamu, tarehe na maneno haya: "46,120. Ikishuka chini ya 34,000 ndani ya miezi sita, irudishwe."

Hiyo namba ya pili ni kama asilimia 70 ya uwezo wa kiwandani. Nilimuuliza kama wateja wanazirudisha. Akasema zilirudi mbili mwaka huu, na moja ilikuwa imemwagikiwa chai, mwenye nayo akaapa kwa jina la mama yake kwamba haikumwagikiwa. Alimbadilishia? Nusu kwa nusu, akasema, kila mtu akabeba chake.

Wiki hii nimetoa ripoti tena, mwezi wa nne huu. Duru 71, uwezo 44,310.