Pima ya Bibi

Bibi yangu wa Makorora, Tanga, alitaka kitanda cha sita kwa sita, maana wajukuu wakija likizo wote hujazana kwake. Mimi niko Dar. Futikamba hana, nikampigia simu anieleze ukubwa wa chumba.

"Mume wangu, urefu pima mbili, upana pima moja na shibiri tatu. Nimepima mwenyewe."

Sasa, pima ni mikono miwili ikinyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kwa hesabu tuliyofundishwa ni wari mbili, yaani futi sita. Shibiri ni kiganja kikitanuliwa, ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho; kwa hesabu hiyohiyo ni robo wari, inchi tisa. Nikabofya simu: upana futi nane na inchi tatu, sentimita 251. Kitanda kinaingia na pa kuswalia panabaki! Nikamtumia kianzio fundi mmoja wa Ngamiani: mninga mtupu, chaga nene, kichwa cha nakshi.

Siku ya kukifunga nilikuwepo. Fundi aliingia na vipande vyake, akarudisha mlango ili watoto wasimsumbue. Tukasikia nyundo. Nyundo ikanyamaza.

"Bibi, huu mlango unafungukia ndani?"

"Ndani, mwanangu."

Kimya kirefu.

Ubao wa kitanda ulikuwa umeuzuia mlango, umebaki upenyo wa kupitisha mkono. Upande wa pili kabati, dirishani nondo. Bibi, ambaye hajawahi kuona shida isiyotanguliwa na chai, akampenyezea kikombe. "Kunywa kwanza, mwanangu, huku tunafikiri."

Fundi akanywa, kisha akapima chumba kwa futikamba yake. Upana: inchi 79. Mita mbili na ushee! Nusu mita nzima imeyeyuka, na kitanda chenyewe, ukijumlisha mbao za pembeni, kilikuwa futi sita na inchi nne. Ukutani hapapiti hata kandambili. Akaniangalia kupitia ule upenyo kama mimi ndiye niliyeiiba hiyo nusu mita.

Nikamwomba futikamba, nikamwambia bibi anyooshe mikono. Inchi 58. Shibiri yake, inchi saba. Piga hesabu mwenyewe: 58, ongeza 21. Bibi hakukosea hata nukta.

"Uliniuliza chumba changu, nikakupimia kwa mikono yangu. Ulitaka nikaazime ya jirani?"

Mwaka 1959 Uingereza, Marekani na wenzao walikubaliana kwamba yadi, yaani wari, ni mita 0.9144 kamili, na inchi ni sentimita 2.54, basi. Makorora hawakuleta barua.

Ikabidi fundi afungue alichokifunga ndipo atoke. Akapendekeza kukipunguza futi moja. Bibi akaja juu: mninga haukatwi! Kitanda kikafungwa upya sebuleni, makochi yakahamia chumbani.

Sasa bibi analala palipo na upepo, anawaitikia wapita njia akiwa amejinyoosha, na habari zote za mtaa zinaanzia kwenye mto wake. Tatizo ni wageni wa heshima. Juzi mjumbe wa nyumba kumi alikuja na karatasi zake, bibi akamkaribisha akae kwenye kochi, kule chumbani. Mzee wa watu akashukuru, akaandika akiwa amesimama mlangoni.