Kilo si shilingi, hata akili mnemba ikizijumlisha

Mtajie kijana aliyesomea kompyuta Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) nadharia ya lugha za programu, atacheka. Kwake hayo yalikuwa ya kupitia mtihani. Leo akili mnemba inamwandikia kurasa za msimbo chai haijapoa, na mtafiti anayeng'ang'ania kanuni za aina za data, yaani kipi kinaruhusiwa kuchanganywa na kipi, anaonekana kama mtu apimaye unga kwa mizani ya sonara.

Wenye haraka nawaelewa. Mteja anataka mfumo wa kupokelea zabibu kabla ya msimu. Majaribio machache yakipita, analipa. Tena hakuna nadharia itakayojua kama mteja alieleza sawasawa alichotaka.

Lakini tuuchukue mfumo huohuo. Tuseme mkulima wa Hombolo, hukohuko Dodoma, kaleta kilo 340, makato ni shilingi 12,000, na akili mnemba kwa bahati mbaya ikajumlisha hivyo viwili. Lugha ya programu ya Python itatoa 12,340 bila kuguna, kwani kwake zote ni namba. Lugha nyingine, F#, ukishaipa vipimo (hii ni kilo, ile ni shilingi), inaukataa mstari huo kabla programu haijaendeshwa.

Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter kwa kosa la ukoo huu: programu moja ilitoa msukumo kwa pauni, iliyopokea ikausoma kama nyutoni, kipimo kingine cha nguvu. Tofauti ni takriban mara 4.45. Hakuna namba hata moja iliyoonekana mbovu! Nalirudia kisa hiki hadi wenzangu wamechoka, kwa sababu wale walikuwa wahandisi wa vyombo vya anga, si vijana wawili na laptopu moja mtaani Makulu, Dodoma.

Zamani lawama ilikuwa kwamba lugha kali kama F# zinachosha kuandika. Sasa anayeandika ni mashine, haichoki. Anayechoka ni msomaji wa mistari 2,000 iliyomwagwa kwa dakika chache. Kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, huisoma yote, hurudisha kosa, na akili mnemba hurekebisha. Watafiti wengine wanaibana papo hapo inapoandika, isichague neno linalovunja kanuni za aina.

Ila kuna mlango mmoja umebaki wazi. Ukiiachia mashine itangaze na vipimo vyenyewe, inaweza kuandika kwamba makato ni kilo, na kompaila itaridhia. Mstari huo mmoja kijana auandike mwenyewe, mkulima akiwa amekaa pembeni yake.