Chesisi kwanza, injini baadaye: kwa wanaotaka kuunda gari la mashindano hapa Malindi

Vijana wa hapa mjini wakianza mazungumzo ya kuunda gari la mashindano ya porini, hawamalizi dakika moja kabla ya kufika kwenye injini. Huyu anataka dizeli ya Land Cruiser, yule kasikia kuna V8 inauzwa Mombasa. Mimi naona wanaanzia mwisho. Gari la kuanzia hununuliwa kwa ajili ya vile vitu ambavyo hutavitoa.

Tazama kazi yenyewe inavyokwenda. Gari likishaingia gereji, bodi inakatwa, viti vinatoka, springi na shokomzoba zinabadilishwa. Injini nayo mara nyingi hung'olewa baadaye, pesa zikipatikana. Kinachobaki ni chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari zima, ekseli mbili, giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, pamoja na logbuku. Hivyo ndivyo vya kulipia. Ukilipa zaidi kwa sababu rangi inang'aa na injini inanguruma vizuri, umelipia vitu vitakavyolala nyuma ya gereji.

Na mashindano yenyewe yanadai hivyo. Chukua Rhino Charge, iliyoanza mwaka 1989 kuchangisha pesa za uzio wa msitu wa milima ya Aberdare, ule wa karibu kilomita 400 uliokamilika 2009. Pale hashindi mwenye mbio. Timu ina saa 10 za kufika vituo 13, na aliyevifikia vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake ndiye mshindi. Kwa hiyo unapanda kilima badala ya kukizunguka, unashuka korongo badala ya kwenda kutafuta kivuko. Mwendo ni wa mtu anayetembea kwa miguu, tena kuna watu wanaotangulia mbele kweli kwa miguu kutafuta njia. Gari la namna hiyo linahitaji gia ya chini inayotambaa, magurudumu yanayobaki ardhini hata gari likipinda, na uzito mdogo. Farasi 300 chini ya boneti watakuvunjia hafshafti tu, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye gurudumu.

Sasa tuje kwetu. Sisi wa pwani tuna adui ambaye mtu wa Nanyuki hana haja ya kumwaza: chumvi. Gari lililozoea kuingia fukweni Mambrui, au lililofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, linaweza kuwa na bodi safi kabisa na chini yake hakuna kitu. Land Rover ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu bodi ni ya aluminiamu na haionyeshi kutu nyekundu inayoonya macho, ilhali chesisi ni ya chuma. Tena ni boksi lenye uwazi ndani. Mchanga wenye chumvi unaingia kupitia matundu, unakaa, unashika unyevu, na chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje. Unapokuja kuliona tundu, kazi ilishakwisha zamani. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Kwa hiyo usiende kuangalia gari bila nyundo ndogo na bisibisi kuukuu. Lala chini, anzia mbele pale springi zinaposhikana na chesisi, gonga taratibu kila baada ya kiganja kimoja ukielekea nyuma. Chuma kizima kinaitika kwa mlio mkali, unarudi mkononi. Ukifika mahali mlio unakufa, ukawa mzito kama unagonga udongo, simama hapo. Weka ncha ya bisibisi, kandamiza. Mara nyingi ganda la kutu linabanduka kwa tabaka, na nyuma yake mchanga unamwagika. Sehemu za kuangaliwa kwa makini ni ule mwamba wa chuma wa mwisho kabisa nyuma, mikono inayoshikilia bodi kando, na juu ya ekseli ya nyuma ambako matope hujazana. Ukikuta chini kote kumepakwa lami mpya nyeusi, na muuzaji anakwambia ni ya kukinga kutu, gonga mara mbili zaidi. Akikataa gari lake ligongwe, muage.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze aina.

Land Rover fupi, ile ya inchi 93 kati ya magurudumu, kwa umbo tu ndiyo inayonivutia kuliko zote. Inageuka kwenye kichaka, tumbo halikwami haraka, na ina springi za koili mbele na nyuma, mpangilio uliotangulia kwenye Range Rover ya 1970. Gia yake ya chini inagawa mzunguko kwa 3.32, inatambaa vizuri. Lakini kupata moja hapa pwani yenye chesisi nzima ni bahati. Kama unaitaka kweli, panda basi ukatafute bara, mahali pakavu, na ulinganishe nauli na gharama ya kuchomelea chesisi iliyooza.

Suzuki ndogo za zamani ni nyepesi kiasi cha watu wachache kuweza kuisukuma ikikwama. Kwa mwenye pesa kidogo ni mwalimu mzuri sana. Ila ekseli zake zilitengenezwa kwa tairi ndogo. Ukiweka tairi kubwa, jointi za mbele ndizo zitakazolipa.

Land Cruiser pikapu, ile tunayoiona kila siku ikibeba watalii kwenda Tsavo, inaheshimika na inastahili. Spea ziko kila mahali. Lakini kati ya magurudumu ina milimita 3,180, na uzito wake hufika tani mbili kabla hujaweka winchi. Gari refu namna hiyo kwenye makorongo ya kule Marafa litakaa kwa tumbo. Najua dawa inayopendekezwa: chesisi ikatwe kati, ifupishwe, ichomelewe upya. Mafundi wetu wa jua kali nawaheshimu, wanafanya kazi ngumu kwa vifaa vichache, na wapo wanaochomelea kwa ustadi mkubwa. Bado siwezi kumshauri mtu aingie porini na wenzake wanne juu ya chesisi iliyounganishwa katikati, pale pale ambapo mzigo wote unapinda. Nikihitaji gari fupi, nanunua lililo fupi.

Chaguo langu kwa mtu wa Malindi ni Hilux ya miaka ya 1990, kabini moja, yenye ekseli zima mbele, yaani bomba moja la chuma kutoka gurudumu hadi gurudumu, na dizeli ya lita 2.8. Najua haisisimui. Springi zake ni za vyuma bapa kama za lori, na mwanzoni ni ngumu. Lakini tazama kinachobaki ukishaivua: chesisi ambayo mara nyingi imebeba mizigo ya shamba badala ya kuogeshwa baharini, ekseli zinazostahimili tairi kubwa, na difu, zile gia za katikati ya ekseli, zinazotoka nzima nzima, mbele na nyuma, ukishazivuta hafshafti. Ukitaka kuweka kufuli kwenye difu ili magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, fundi anaifanyia kazi mezani. Nyuma ni kitanda tu cha kubebea mizigo, ukikifungua kwa boliti umeshaokoa uzito. Na kitu kikivunjika Jumamosi jioni, hukosi mtu mwenye Hilux iliyokufa uani kwake.

Usitegemee kuagiza kutoka nje. Sheria ya Kenya haikubali gari kuukuu lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na Hilux, Land Rover na Suzuki za namna hii zilipita umri huo zamani. Utanunua lililomo nchini, kwa mtu au kwenye mnada, kwa hiyo soma nambari ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma chenyewe na uilinganishe na logbuku kabla ya kutoa hata shilingi moja. Hapa pwani kutu hula nambari. Isiyosomeka itakusumbua siku ya kubadilisha umiliki, hata kama gari ni halali na muuzaji ni mwaminifu.

Ukiipata Hilux yako, kagua vichwa vya ekseli ya mbele, zile tufe mbili nyuma ya magurudumu. Zinatakiwa ziwe na utando mwembamba wa grisi. Zikiwa zinatiririka uji mweusi, sili za ndani zimekwisha na oili ya difu imechanganyika na grisi. Hilo lisikufukuze. Linatengenezeka kwa sili mpya, na ni sababu nzuri ya kumwambia muuzaji ashushe bei.