Sikujitolea, Nilinaswa na Msumari

Kosa kubwa nililolifanya tangu nihamie Dar es Salaam ni kumiliki toroli. Wapo watu wenye makosa mazito kuliko hilo, na wanatembea kifua mbele bila kuulizwa na yeyote. Lakini mtu mwenye duka dogo la vifaa vya ujenzi, tena lililo hatua chache kutoka kanisani, hana pa kujificha. Harusi ikiwapo, toroli linahitajika kubebea kreti za soda. Msiba ukitokea, toroli linahitajika kubebea masufuria na kuni. Mchanga ukimwagwa nyuma ya nyumba ya mchungaji, hakuna anayeuliza ni nani mwenye nguvu au ni nani mwenye nafasi, wanauliza, “Baba Neema yupo?” Nimekuja kuelewa kwamba katika usharika wetu Baba Neema si jina la mtu, bali ni jina la chombo chenye gurudumu moja.

Sasa sikilizeni habari ya mtaro.

Kati ya ukuta wa kanisa na barabara ya mtaa upo mtaro wa maji ya mvua ambao hauna mwenyewe. Serikali ya mtaa inasema uko upande wa kanisa, baraza la wazee linasema uko upande wa barabara, na wakazi wanasema ni mahali pazuri pa kumwaga taka usiku. Kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji yakifika kwenye kona ya muuza kahawa hukosa njia, hurudi nyuma, huingia katika chumba cha shule ya Jumapili, kisha huvuka barabara na kubisha hodi sebuleni kwa watu ambao hawajawahi kuhudhuria ibada yetu hata siku moja. Baada ya hapo hutuama, hugeuka rangi ya kijani, mbu huzaliana humo kwa amani, na sisi huwaombea wagonjwa kwa sauti kubwa. Nakiri kwamba nami nimeshiriki maombi hayo mwaka baada ya mwaka, nikiwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwenye chanzo cha ugonjwa, na nikatoka nikiwa nimebarikiwa.

Jumapili moja mwishoni mwa Februari, mchungaji alipomaliza kutangaza ndoa, aliuliza ni nani atakayesimamia kazi ya kuzibua mtaro kabla ya mvua. Sijawahi kuona usharika ukizama katika maombi kwa haraka namna ile. Watu waliokuwa wamekodoa macho wakati wa toba waliyafumba. Mzee aliyeketi mbele yangu alifungua kitabu cha nyimbo na kuanza kutafuta kwa bidii wimbo ambao haukuwa umetangazwa. Mimi niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa, na ningesalimika kabisa, lau si benchi.

Benchi lile lina msumari. Ulichomoza miaka mitatu iliyopita, na mwinjilisti, kwa kuwa anajua ninauza misumari na nyundo, aliniomba nipite siku moja niugongomee. Nikamwambia nitapita. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikikaa kwa kuupisha msumari ule kama mtu anayempisha mgeni, na nikazoea hata nikawa naona ndivyo mabenchi yalivyo. Siku ile, katika kujikunja ili nisionekane, niliusahau, nao haukunisahau. Mtu aliyenaswa suruali na msumari mahali pale hana budi kusimama. Nikasimama taratibu, mkono mmoja nyuma, uso ukiwa na uchungu ambao kwa mbali, naambiwa, ulifanana sana na kuguswa na Neno.

“Bwana Yesu asifiwe!” mchungaji akapaza sauti. “Baba Neema amesimama.”

Makofi yakapigwa, vigelegele vikafuata, na mpiga kinanda, ambaye kwa kawaida huwa anasinzia kipindi cha matangazo, akatia noti mbili za shangwe. Ningewezaje kueleza mbele ya kanisa zima kwamba sikusimamishwa na Roho bali na msumari wa inchi nne, tena pengine uliotoka dukani kwangu? Mama Neema, aliyekuwa ameketi upande mwingine na kwaya ya akina mama, alifuta machozi ya furaha njia nzima hadi nyumbani, ambako aliiona suruali, akaacha.

Jioni habari ikawekwa katika kundi la WhatsApp la jumuiya: Jumamosi saa moja asubuhi, kila mmoja aje na jembe au beleshi. Watu wakajibu. Amina. Amina sana. Tuko pamoja. Mungu akuinue, Baba Neema. Mmoja alituma picha ya mikono iliyokunjwa kwa maombi, na mwingine akaongeza mikono sita. Nikahesabu Amina arobaini na tatu, nikajisemea kwamba mikono hii yote ikishika beleshi, mtaro utakwisha kabla chai haijapoa. Nimeishi miaka hamsini na minne na bado nahesabu Amina kama mtu anayehesabu mifuko ya saruji iliyokwisha kulipiwa.

Ijumaa jioni nilianza kutafuta njia ya kutokea, nikaitafuta mahali ambapo Mlutheri yeyote angeitafuta, yaani katika mafundisho. Nilimwendea Bibi Mwalimu, anayefundisha shule ya Jumapili tangu kabla sijaoa, nikamwamkia, kisha nikamweleza kwa heshima kwamba nina wasiwasi wa kiroho. Mtume Paulo anasema katika Waefeso sura ya pili kwamba tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Sasa mimi, ambaye hata jina langu ni Baba Neema, nisije nikaonekana natafuta wokovu kwa beleshi. Bibi Mwalimu hakubishana nami. Aliniuliza tu kwa nini huwa nafunga Biblia nikifika mstari wa tisa, akavaa miwani yake na kunisomea wa kumi, unaosema kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Nikamkimbilia Martin Luther, nikasema aliandika mwaka 1520 kwamba Mkristo ni mtu huru ambaye hana bwana juu yake. Bibi akasema ni kweli, na akaongeza kwamba sentensi inayofuata inasema Mkristo huyo huyo ni mtumishi wa kila mtu. Nimeigundua tabia ya watumishi hawa wa Mungu: hawaachi jambo la kustarehesha likae peke yake, lazima walifuatishie sentensi nyingine.

“Basi, Bibi, nitasema ukweli,” nikamwambia. “Sitaki.”

“Afadhali wewe, mwanangu, unayesema hutaki,” akajibu. “Wale wa Amina ndio wananitia shaka.” Kisha akanikumbusha wale wana wawili ambao Yesu aliwasimulia wakuu wa makuhani na wazee hekaluni, mmoja aliyesema anakwenda shambani asiende, na mwingine aliyesema hataki, halafu akaenda. Mimi huwa najiuliza huyu wa pili alitembeaje kuelekea shambani. Injili haisemi kama alikuwa anaimba. Nadhani alikuwa ananung’unika njia nzima, na alipofika alilalamikia jembe.

Jumamosi saa moja tulikuwa watu sita. Bibi Mwalimu alikuja amevaa gambuti, kijana mmoja wa kwaya alikuja na mwenzake ambaye nadhani alidanganywa kwamba kuna pilau, mlinzi wa kanisa hakuwa na pa kukimbilia, na mimi nilikuwapo pamoja na toroli langu. Wa sita alikuwa muuza kahawa wa pale konani, muumini wa msikiti wa upande wa pili, aliyevuka barabara akiwa na sururu begani.

“Jirani, nani kakwambia?” nikamuuliza.

“Matangazo yenu, jirani, husikia hata asiyetaka,” akajibu akitazama spika iliyo juu ya mnara. “Na haya maji yakija sebuleni kwangu hayaulizi kama nimebatizwa.”

Tukaanza kuchimba, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mtaro ni kitabu cha historia ya nchi. Juu kabisa tulikuta chupa za maji na vikombe vya kutupa, mambo ya juzi na jana. Chini yake ilikuwapo mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, ile iliyopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2019, ikiwa mizima kabisa, mingine hata imefungwa vizuri mdomoni. Tulipozidi kushuka tukafika kwenye zama za viroba, zile pakiti ndogo za pombe kali ambazo marufuku yake ilianza tarehe 1 Machi 2017, na mlinzi akainua kimoja akakitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Halafu beleshi langu likagonga kitu kigumu kama jiwe. Tulipokivuta kikawa ni rundo la mifuko ya saruji iliyogandamana, na kwenye mmoja wao, kwa kalamu nene isiyofutika, ilikuwa imeandikwa bei kwa mwandiko ambao Bibi Mwalimu aliutambua kabla yangu, kwa sababu ndiye aliyenifundishia mtoto wangu kuandika na alikuwa akipokea barua zangu za udhuru.

Naomba nieleweke. Tangu sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 zilipogeuzwa kuwa siku ya usafi, na kisha Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa ya kufagia, mimi nimefagia mbele ya duka langu kwa uaminifu mkubwa. Sikuwahi kujiuliza taka zikiondoka mbele ya duka huwa zinakwenda wapi. Kumbe hazikwenda mbali.

Ilipofika saa nne alikuja mjumbe mmoja wa baraza, amevaa suti, akasimama mahali pakavu, akatuambia tuelekeze mteremko upande wa kushoto, akapiga picha nne na kuondoka, maana alikuwa na kikao. Bibi Mwalimu alimsindikiza kwa macho, akasema taratibu, “Watekoi.” Nilidhani ni tusi la kwao. Baadaye, usiku, nililitafuta katika Nehemia sura ya tatu, palipoorodheshwa watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, nikakuta kwamba Watekoi walijenga, ila wakuu wao hawakutia shingo zao katika kazi ya Bwana. Sura ile wasomaji wengi wa Biblia huiruka kwa sababu ni majina matupu. Mimi siku ile niliisoma kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Yupo Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Yupo Malkiya mwana wa Rekabu, ambaye alikuwa akida wa mtaa mzima, na sehemu aliyoijenga ni Lango la Jaa, yaani lango la takataka. Nilimhurumia Malkiya. Bila shaka alikuwa na toroli.

Kuhusu nia yangu, kwa kuwa Wakristo tunapenda kuulizana habari za nia, sitaficha kitu. Nilianza kwa sababu ya suruali. Niliendelea kwa sababu ya aibu, hasa baada ya ule mfuko wa saruji. Mnamo saa tano nilikuwa nachimba kwa sababu bibi wa miaka sabini na kitu alikuwa anachimba pembeni yangu, na ilipofika saa sita sababu zote zilikuwa zimekwisha na bado nilikuwa nachimba, mgongo unauma, na kijana wa pilau ameacha kuuliza habari za pilau. Babu yangu, kule kwetu Kilimanjaro, alikuwa akienda kusafisha mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, pamoja na wenzake, na hakuna aliyemuuliza kama moyo wake umewaka; aliyekosa kuja alitozwa faini, na aliyekuja alipata maji mgombani. Huenda moyo ulikuwa ukiwaka njiani wakati wa kurudi.

Jumapili niliketi mahali ninapoonekana, nimevaa suruali nyingine, nikaandaa uso wa mtu asiyetaka kusifiwa. Mchungaji, aliyekuwa ameletewa karatasi na mtu wa zile picha, akalishukuru baraza la wazee pamoja na kamati ya ujenzi kwa kazi nzuri ya kuzibua mtaro. Makofi. Wale wa Amina walipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Nilimgeukia mke wangu tulipotoka nje, nikamwambia kwamba katika kanisa hili mtu anaweza kufa na asitajwe.

“Lakini Baba Neema,” akasema, “si ulikuwa unaomba usionekane?”

Usiku wa Jumanne mvua ya kwanza ilinyesha. Nilivumilia hadi saa tisa, kisha nikachukua mwavuli na tochi, nikamwambia Mama Neema kwamba nakwenda kuangalia kufuli la duka. Duka liko kulia. Mimi nilikwenda kushoto. Maji yalikuwa yanapita mtaroni kwa kasi, yanazunguka kona, yanateremka yanakotakiwa kuteremka, na hakuna hata tone lililokuwa linarudi nyuma. Upande wa pili wa barabara niliona tochi nyingine. Alikuwa muuza kahawa, amejifunika turubai, akaniambia kwamba alikuwa anamtafuta paka wake. Nikamwambia kuhusu kufuli. Tukasimama pale wote wawili kwa muda mrefu sana, kwa ajili ya paka na kufuli.

Jambo moja nililiapia: sitanaswa tena. Jumapili iliyofuata niliingia kanisani mapema kabla ya kengele, nikiwa na nyundo ndani ya koti, nikaugongomea ule msumari mara tatu hadi ukazama. Nikakaa nikajaribu, salama kabisa. Kisha nikaona kwamba benchi la mbele yake nalo lina msumari unaochungulia, na la pembeni yake mguu umelegea, na mtu anaweza kukosa mahali pake akalazimika kuketi pale. Mwinjilisti alipoingia kupiga kengele alinikuta nimepiga magoti kwenye benchi la kumi na moja, misumari mdomoni. Nikaitoa yote kwanza, ili nimweleze kwa maneno yanayosikika vizuri kwamba sijajitolea.